Kasereka Iko Chini ya Bawa

Mashini ya ronéo, ile ya kuchapa gazeti, iko na mukono mumoja tu wa kuzungusha, na kwa miaka kumi na mbili mutu wa ule mukono nilikuwa mimi. Mwezi uliopita gazeti yetu ilianza kuchapwa inje ya inchi, kwenye karatasi yenye kungaa, na bureau ikanipa barua ya retraite, ya kupumuzika kazi. Niko na miaka makumi tatu na moja. Ku soko ya Butembo bamama banacheka: "Katungu, pensionnée, fimbo yako iko wapi?" Ninacheka nabo. Lakini bega yangu ya kuume iko na miaka makumi sita, na ninaona ile barua iliandikiwa bega.

Ninyi mulionifuata, Kavugho na Muhindo, munaketi mbele ya ordinateur, ile kompyuta, munasukuma sungura wa picha na kidole na sungura anatii. Muliniomba niandike namna kazi ilikuwa wakati wa vita. Nitaandika vile ninakumbuka. Masomo yangu ilikomea mwaka wa ine wa secondaire, donc musitafute virgule na nukta. Mambo ya vyeo na mushahara nitayaruka, juu vyote viwili viliniruka mimi kwanza.

Nilikuwa na miaka kumi na kenda. Vita ya pili ilikuwa imeingia kwetu na imekaa kama mugeni asiyeuliza njia ya kurudi. Kwenye mulango wa parokia balibandika tangazo: chama cha bamama kinatafuta musichana wa kusaidia kwenye gazeti. Mimi nilikuwa mutu wa ndoto. Niliona jina yangu chini ya habari kubwa, wakubwa bananisoma asubui bakikunywa kahawa. Nikaazima viatu vya yaya yangu, dada mukubwa, nikaenda.

Bureau ilikuwa chumba kimoja chenye harufu ya encre, ule wino wa kuchapa, na ya uji, juu upande wa pili wa ukuta bamama balikuwa banapikia batoto bakondefu. Ndani aliketi Papa Kakule. Alifundisha dessin, kuchora, ku shule ya musingi paka siku askari baligeuza ile shule kambi. Akaniuliza kama ninajua basomaji betu. Nikajibu ndiyo, ni bacommerçants na balimu. Akanitazama viatu, ambavyo vilikuwa vikubwa.

"Musomaji wetu muzee kuliko bote iko na miaka mitatu," akasema. "Kusoma hapana jua. Na anakojoa."

Njo vile nilijua kama gazeti yenyewe, jina yake *Iko Wapi?*, ilikuwa ya batoto ba maziwa na bale banaoanza kutembea. Ilikuwa na page munane, kila page na picha moja, na chini yake maneno matatu ao mane ambayo mama anasoma na kidole. Papa Kakule akanipa karatasi, akaniambia nichore kuku. Nikachora kuku na manyoya yote, na lupango yenye kuzunguka nyumba, na jua, na mama anayetupa mahindi. Akafunika ile kazi yote na kiganja chake, akaacha kichwa cha kuku tu. Akasema mutoto wa miezi munane hapana na wakati wa kutembea katika shamba yangu yote.

Vyombo vyetu vilikuwa hivi. Stencil, karatasi laini yenye nta, ambayo tulichora juu yake na kalamu ya chuma. Pale unachana nta, encre itapita. Ukikaza sana, karatasi inapasuka. Ukilegeza, kuku anatoka bila miguu. Lakini hatari kubwa ilikuwa macho. Ukichora jicho ya mviringo kamili, kile kipande cha kati kinaanguka, na unapata kuku wa jicho moja kubwa jeusi, mara mia tano. Kuziba kosa tulitumia rangi ya makucha, nyekundu, iliyobaki ku arusi ya présidente wa chama cha bamama. Papa Kakule alijaribu rangi kwanza juu ya kidole gumba chake cha kushoto, kuona kama haijakauka. Kwa hiyo mwaka muzima muzee mwenye heshima, anayesoma épître, barua za mitume, ku misa ya kwanza, alitembea Butembo na ukucha mwekundu. Hakuna aliyemuuliza. Wakati wa vita batu banaachaka kuuliza vitu vidogo.

Shida yetu ya kwanza ilikuwa ya kwamba basomaji balikula gazeti. Juma ya pili ya kazi yangu mama mumoja aliingia na mutoto mwenye mudomo mweusi kama makala. Akasema gazeti imeisha, mutoto alikula paka page ya ine. Papa Kakule akaweka miwani, akauliza: "Alipenda page gani?" Mama akafikiri, akasema ya sungura alitema. Sungura tukamuondoa. Kisha tukaanza kupitisha kila karatasi katika nta ya mishumaa iliyobaki ku parokia, ili encre isitoke na mate. Bamama ba kiprotestanti balituchekea, bakisema sasa batoto babo banakula mishumaa ya kikatolika, paka siku moja bataamka banaimba kilatini. Bakachukua gazeti hata hivyo.

Baraza yetu ya kusahihisha ilikutana siku ya kilo, ku centre de santé, pale batoto bananingʼinia ku mizani ndani ya kikaptula. Mutoto akiningʼinia hana pa kwenda, donc anatazama vizuri. Nilisimama mbele yake na page. Akinyoosha mukono, page inapita. Akinitazama mimi, tunachora tena. Akilia, tunachoma. Mwenye ukali kuliko bote alikuwa musichana mumoja, Masika, wa miezi munane. Alikataa tembo mara tatu. Mwisho tukaacha tembo, na kusema kweli hata sisi hatukuwa tumemuona.

Gazeti ilitembea vile batu balitembea. Kamango ilifika ndani ya gunia ya muchele. Manguredjipa ilifika juu ya kichwa ya bacommerçants ba zahabu, na kule, banasema, batoto baliijua ng'ombe kwa kipande kimoja, juu kipande kingine kilifunga zahabu. Niliota siku moja kila mutoto kati ya ile miji atakuwa na page yake muzima, ata moja, isiyoliwa. Papa Kakule alisema ndoto ni nzuri lakini nizungushe mashini.

Sasa ninafika ku kuku.

Karatasi ilitoka Kasindi, ku mupaka, na camion, na sisi tulienda Beni kuipokea. Siku ile ile tulipitisha mufano wa gazeti ku bureau ya mamlaka, juu mamlaka yote iliyokuya, na zilikuya nyingi, ilitaka kusoma kila kitu mbele kichapwe. Kwa kawaida chef, mukubwa wa ile bureau, alifungua page ya kwanza, akaona bata, akapiga cachet, muhuri wake. Ata mumoja hakufika page ya pili.

Mwezi ule Papa Kakule alikuwa amechora kuku na batoto bake batano banaocheza kujificha. Kazi yake nzuri kuliko zote. Mutoto wa kuku wa kwanza ku mawe, wa pili katika majani, wa tatu chini ya bawa ya mama, unaona mukia wake tu, wa ine ndani ya chungu, wa tano nyuma ya lupango. Chini ya kila mumoja aliandika "Iko wapi?", basi. Siku ya kilo niliona bamama banaonyesha batoto babo ile picha na kuwapa vifaranga majina benyewe: Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo. Kwetu Banande hakuna kitu cha kawaida kuliko hicho. Kijana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, na vile vile kwa kila mama, kila nyumba. Ukiita "Kambale" kati ya soko ya Butembo, biashara yote inasimama. Mimi nikaona ni wazo nzuri. Papa Kakule alipoenda kwake kula, nikachukua kalamu ya chuma, nikaandika yote, na majibu pia. *Paluku iko ku mawe. Kambale iko katika majani. Kasereka iko chini ya bawa. Mama anamuficha.* Nikazungusha mufano mumoja, nikaufunga bila kumuonyesha, nikitaka kumufurahisha ku Beni.

Chef aliyekuwa Beni alikuwa mupya. Ndege ilimuleta juma moja mbele, kutoka ngambo ingine kabisa ya inchi, na hakujua mutu. Alikuwa kijana, mwembamba, mwenye adabu. Aliketi, akafungua page ya kwanza. Akafungua ya pili. Nilifurahi, nikafikiri mwishowe tumepata musomaji. Akasoma paka ya munane na midomo inatembea, kisha akarudi ya kwanza na kuchukua bic.

"Hawa batano ni banani?" akauliza.

Papa Kakule akajibu ni kuku.

"Kuku te, si kuku. Kuku hapana na jina." Akasoma kwa sauti: Paluku ku mawe, Kambale mu majani. "Hapa munaandika majina ya batu na pale banajificha. Na huyu mama anayebaficha ni nani?"

Papa Kakule akavuta karatasi, akaweka miwani. Njo mara ya kwanza alikuwa anaona ile maandishi. Niliona macho yake yanapita polepole, Paluku, Kambale, Kasereka, na nikajua sasa atageuka anitazame. Hakugeuka.

"Nani aliandika?" chef akauliza.

"Mimi, chef," akasema Papa Kakule.

"Jina yako?"

"Kakule."

Chef akatazama liste yake. Namba ine, ndani ya chungu. Akatazama tena muzee, na macho yake ikafika ku ukucha mwekundu. Akauliza ni alama ya kundi gani ya musituni. Papa Kakule akasema ni ya kuziba macho ya kuku. Ilikuwa kweli tupu, na sijasikia bado kweli inayoharibu mambo vile.

Bakamupeleka cachot, chumba kando ya bureau chenye dirisha ya vyuma. Chef akaniambia bila ukali, kama mutu anayeeleza saa za camion: ndege inarudi kesho kutwa. Hawa bane baliobaki bakifika, atabaulizia, na muzee atarudi kwake. Bakikosa, muzee atapanda ndege. Sikujua mutu hata mumoja aliyepanda ile ndege akarudi. Niliogopa ile ndege, nikaacha kusema ni mimi. Nilienda kulala kwa shangazi yangu wa Beni.

Asubui askari alipita soko ya Beni na mégaphone. Paluku, Kambale, Kasereka na Katembo banaombwa kufika ku bureau bila kukawia. Muandishi wa bureau, mutu wa kwetu, njo alimuandikia lile tangazo, na uso wake haukubadilika. Baadaye nilijua anaitwa Kambale. Hakutaka kusema, akiogopa kupoteza kazi.

Mukifikiri batu balikimbia, hamujui Beni. Bamoja balikuya juu ya woga, wasiseme balikataa. Bengine balikuya juu mutu alisema banagawa majembe. Saa tatu lupango ilikuwa imejaa, saa ine foleni ilitoka inje na kupinda ku barabara. Bamama balibeba Kambale ku mugongo. Kuliletwa Kasereka mugonjwa, amebebwa juu ya tipoyi, ndugu zake bakisema ni afazali aandikwe. Ba Paluku, juu ni bakubwa, balitaka kupita mbele, na ba Katembo bakasema njo vile iko siku zote, sisi ba tano tunapata mabaki.

Chef aliketi kwenye baraza na picha mbele yake. Alikuwa mutu wa kazi, hakutaka kuruka mutu. Kila mumoja alimuonyesha kifaranga, akauliza kama ni yeye. Muzee mumoja, meno mawili, alishika karatasi mbali, kisha karibu.

"Hapana, chef," akasema. "Mimi nilizaliwa mbele ya hii barabara. Huyu anatoka mu yai juzi."

Muandishi aliandika: Kambale, si yeye. Kambale, si yeye. Saa sita cahier ikaisha, bakachukua karatasi yetu ya Kasindi. Chef akaanza kuwa mweupe. Nadhani alikuwa anafikiri kama ile kundi ni kubwa kuliko jeshi yake.

Nami nilikuwa nimesimama ku foleni. Sina jina ya ile liste, lakini hakukuwa njia ingine ya kufika mbele. Zamu yangu ikafika.

"Afande," nikasema, "ile majina niliandika mimi. Muzee hakujua."

Sauti ya Papa Kakule ikatoka ku dirisha ya vyuma, bila haraka. "Anasema bongo, uongo tupu, chef. Huyu hapana jua ata kuandika. Angaria ile K, inaanguka."

"Inaanguka juu ni yangu," nikasema, na machozi ikaanza. Nikashika bic ya muandishi, nikaandika Kakule kwenye meza, mbele yake. K ikaanguka vile vile.

Chef akatazama mbao ya meza, akatazama karatasi. Akauliza juu ya nini nimeandika majina ya batu chini ya kuku. Nilitafuta namna ya kueleza na nikakosa, ni kama kumuelezea mutu juu ya nini mbili inafuata moja. Nikamuuliza mama yake alizaa bijana bangapi.

Aliwaza kama amuadhibu mutu anayeuliza chef. Kisha niliona vidole vyake vinahesabu chini ya meza.

"Sita," akasema. "Babili njo balibaki."

"Na wewe uko wa ngapi, afande?"

"Wa tatu."

Hakuna aliyebaomba, lakini lupango yote, bazee, bagonjwa, bamama na batoto ku mugongo, baskari ba kwetu ku mulango, bakasema pamoja, polepole, vile unamusalimia mugeni aliyefika ku nyumba:

"Kasereka."

Na muandishi, bila kuinua kichwa, akasema mara ya kwanza mbele ya mukubwa wake: "Na mimi ni Kambale, chef. Tangu zamani."

Chef hakucheka, hakukasirika. Alichukua ile page, akaisogeza karibu, na sikufikiri tena anatafuta batu ba musituni. Akaagiza bamutoshe muzee inje ya cachot. Papa Kakule akafika na vumbi ku magoti.

"Hawa bengine bote ninaona vichwa vyabo," chef akamuambia. "Huyu wa tatu juu ya nini munachora mukia tu?"

"Anacheza kujificha, chef. Mutoto anamutafuta. Akimupata anacheka."

"Na mutoto akikosa kumupata?"

Papa Kakule akafikiri, vile alifikiriaka mbele ya kila swali ya kazi.

"Haizuru," akasema. "Mama anajua pale iko."

Chef akafungua sanduku, akatoa cachet, akapiga ku page ya munane na kila page, ata juu ya kuku mwenyewe. Kisha, kwa kuwa ni mamlaka na mamlaka haiwezi kuachia mutu bila amri, akaandika pembeni: numéro inayokuya, kichwa cha wa tatu kionekane. Akaweka signature. Batu bakaambiwa barudi, hakuna majembe. Bakarudi bananungunika, ba Katembo zaidi.

Ndani ya camion ya kurudi Butembo, tukiwa juu ya karatasi iliyobaki, nilimuomba Papa Kakule musamaha kwa kilometa nyingi. Alisikiliza paka mwisho. Akasema kosa liko moja: nimeandika karibu sana na miguu ya kuku, tumbo ingepasuka ku chapa.

Tulitii ile amri. Numéro iliyofuata kichwa cha Kasereka kilitoka inje ya bawa, na macho mawili. Askari alikuya paka Butembo kuhakikisha, akapewa copie, ikarudi na neno "vu", ni kusema imeonwa. Mwezi baada ya mwezi tulichora ule kuku, na mwezi baada ya mwezi karatasi ilirudi imesomwa. Siku moja ilirudi na alama ya mafuta ya vidole ku wa tatu, kama mutu aliishika muda mrefu. Lakini siku ya kilo batoto baliacha kunyoosha mikono. Masika alitazama ule kuku, akatazama dari. Hapakuwa kitu cha kutafuta.

Kisha mwezi mumoja askari hakukuya. Tulisikia ndege ilikuya Beni, ikaleta chef mwingine, na ule kijana ikamuchukua. Kupelekwa wapi, hakuna aliyejua kutuambia. Papa Kakule akakaa na stencil mupya mbele yake asubui muzima bila kuchora. Akapaka rangi ku kidole gumba, akapuliza. Halafu akarudisha kichwa ndani, mukia inje, na jina Kasereka akaliacha pale pale chini yake. Nikazungusha mashini. Nilizungusha taratibu sana ile siku, jicho ya kuku isianguke.

Kuku wenu wa ordinateur nimemuona. Ni muzuri, anangaa, na batoto bake batano bote basimama mbele, meno inje, ingawa kuku hana meno. Ninajua mutasema karatasi ya sasa haiwezi kuliwa, na programme inachora ule ule kwa dakika mbili. Ninawaomba kitu kimoja tu, na bega yangu inakiomba pamoja nami. Wa tatu mumurudishe chini ya bawa, mukia inje. Na mutu mwenye cachet akifika kuuliza kichwa iko wapi, mumujibu vile Papa Kakule alijibu. Iko muzee sana sasa, anaishi nyuma ya parokia, ukucha mwekundu bado. Kama munasahau lile jibu, pitieni kwake mumuulize, atafikiri kidogo mbele ya kusema.